Palapa: Setilaiti ya Kwanza ya Mawasiliano ya Indonesia na Nafasi Yake katika Ueneaji wa Lugha ya Taifa

Ikisiri

Mnamo Julai 1976 Indonesia ilirusha Palapa A1, setilaiti yake ya kwanza ya mawasiliano, na kuwa nchi ya kwanza miongoni mwa nchi zinazoendelea kumiliki mfumo wa setilaiti kwa ajili ya mawasiliano ya ndani. Makala haya yanaeleza namna mfumo huo ulivyofanya kazi na uhusiano wake na ueneaji wa Kiindonesia. Inadaiwa humu kwamba setilaiti haikuijenga lugha ya taifa, bali iliikuta lugha iliyokwisha kuchaguliwa, kusanifishwa na kuingizwa shuleni, ikaipatia njia pana. Njia hiyo ilielekea upande mmoja, kutoka Jakarta kwenda visiwani, na athari za mwelekeo huo zinastahili kupimwa na eneo la Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinatafutiwa miundombinu inayovuka mipaka ya nchi.

Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha na teknolojia Afrika Mashariki huwa na tabia ya kuanzia kwenye chombo. Chombo kikishapatikana, huchukuliwa kwamba lugha itafuata. Katika miaka ya karibuni nchi za eneo hili zimeanza kuwa na vyombo vyake angani: Rwanda ilipata RwaSat-1 mwaka 2019, Uganda ikapata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Vyote hivyo ni vyombo vidogo vya uchunguzi wa ardhi na majaribio. Hakuna hata kimoja kilichokusudiwa kupitisha simu na televisheni za nchi nzima. Hatua hiyo ya pili ni ghali zaidi, na maamuzi yake hayarekebishiki kwa urahisi. Kabla haijachukuliwa, inafaa kutazama nchi iliyoichukua ikiwa bado maskini, iliyoichukua kwa sababu za kisiasa zilizotamkwa waziwazi, na ambayo sera yake ya lugha inafanana na ile ya Waswahili kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Asia.

Ufanano huo si wa juujuu. Kimalei, mzazi wa Kiindonesia, kilikuwa lugha ya biashara ya pwani na bandari kwa karne nyingi. Kilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na dini, kikaandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi, kikatumiwa na wakoloni katika utawala wa chini na na wamisionari katika mahubiri. Wazalendo walipokutana Jakarta, wakati huo Batavia, tarehe 28 Oktoba 1928 na kuapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha ya umoja, hawakuchagua Kijava, ingawa Wajava walikuwa ndio wengi kupita kabila lolote. Walichagua lugha ya watu wachache iliyokuwa inaeleweka na wengi. Msomaji anayeijua historia ya Kiswahili nchini Tanganyika hahitaji kuelezwa zaidi.

Visiwa na simu kabla ya 1976

Indonesia imetandaa kiasi cha kilomita 5,000 kutoka Sabang, magharibi, hadi Merauke, mashariki. Hesabu rasmi ya miaka ile ilikuwa visiwa zaidi ya 13,000. Nyaya za simu haziwezi kuvuka bahari zenye kina kirefu kwa bei nafuu, na minara ya mikrowevu huhitaji kuonana uso kwa uso kila baada ya kilomita chache kumi. Java na Bali ziliunganishwa kwa minara hiyo, na Sumatra ilikuwa inaunganishwa kwa awamu. Sehemu kubwa ya mashariki ilitegemea redio za masafa mafupi, ambazo ubora wake hubadilika kwa saa na kwa hali ya anga. Afisa wa mkoa aliyetaka kuzungumza na wizara mjini Jakarta aliweza kusubiri siku nzima. Simu zenyewe zilikuwa chini ya moja kwa kila watu 100.

Kwa upande wa mawasiliano na nje, mambo yalikuwa bora. Kituo cha ardhini cha Jatiluhur, Java ya Magharibi, kilifunguliwa mwaka 1969 na kuiunganisha nchi na setilaiti za Intelsat. Hapo palitokea hali ambayo Afrika Mashariki pia iliionja baada ya kituo cha Longonot kufunguliwa nchini Kenya mwaka 1970: ilikuwa rahisi kupiga simu Ulaya kuliko kupiga simu katika wilaya za mbali za nchi hiyohiyo. Ukoloni ulikuwa umejenga barabara na reli za kuelekea bandarini. Simu nazo zikafuata njia hiyohiyo.

Miongoni mwa waliotetea wazo la setilaiti ya ndani alikuwa Iskandar Alisjahbana, mhandisi wa Taasisi ya Teknolojia ya Bandung, na serikalini aliyeusukuma mradi ni Suhardjono, mkurugenzi mkuu wa posta na mawasiliano ya simu. Hoja yao ilikuwa ya kijiografia kabla ya kuwa ya kisiasa. Gharama ya waya hupanda kwa kila kilomita, lakini kwa setilaiti Merauke haiko mbali kuliko Bandung. Kanada ilikuwa imekwisha kuthibitisha jambo hilo kwa Anik A1 mwaka 1972, kwa ajili ya jamii zake za kaskazini zilizotengwa na theluji badala ya bahari.

Chombo na vituo vyake

Palapa A1 ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani, tarehe 8 Julai 1976 kwa roketi ya Delta. Ilitengenezwa na kampuni ya Hughes kwa muundo uleule uliotumika kwa Anik ya Kanada na Westar ya Marekani. Ilikuwa na umbo la pipa lililofunikwa seli za jua, likizunguka kama pia ili lisiyumbe, na juu yake antena moja iliyozuiwa isizunguke ili iendelee kuitazama Indonesia. Ilipofika mahali pake uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 300 tu. Mwenziwe, Palapa A2, alifuata tarehe 10 Machi 1977 akiwa akiba.

Chombo hicho kiliwekwa kwenye mzingo ulio kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule dunia inaojizungusha, hivyo kwa mtu aliye ardhini huonekana imesimama mahali pamoja na antena haihitaji kuifukuza angani. Ndani yake mlikuwa na transponda 12, yaani vifaa vinavyopokea mawimbi dhaifu kutoka ardhini, kuyaongezea nguvu na kuyarudisha chini kwa masafa mengine ili yasigongane na yanayopanda. Kila transponda iliweza kubeba idhaa moja ya televisheni ya rangi au mamia ya mazungumzo ya simu. Masafa yaliyotumika ni ya gigahezi 6 kwa kupanda na 4 kwa kushuka, ambayo hayadhoofishwi sana na mvua, na katika nchi ya masika kama Indonesia uteuzi huo haukuwa jambo dogo. Aliyepiga simu alisikia jibu likichelewa kwa sehemu ya sekunde, kwa kuwa sauti ilipanda na kushuka zaidi ya kilomita 70,000 kila upande ulipozungumza.

Hata hivyo, anayesoma habari za Palapa kama habari za roketi atakuwa ameshika mkia wa jambo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ardhini. Mkataba wa mwanzo ulijumuisha vituo 40, kikiwamo kituo kikuu cha uendeshaji kule Cibinong, kusini mwa Jakarta, na vyote vilijengwa kwa muda usiofika miaka miwili. Kila kimoja kilihitaji antena yenye kipenyo cha takriban mita 10, jenereta, mafuta, barabara ya kufikia, mafundi wa zamu na mashine za kuunganisha na simu za mji. Vingine vilipelekwa mahali ambapo hapakuwa na umeme wa gridi. Shirika la umma la simu, Perumtel, lililazimika kuajiri na kufundisha watu kwa idadi ambayo halikuwahi kuifikia. Kwa njia za simu zenye wateja wachache, mfumo ulitumia mbinu ya kugawa nafasi kwa kadiri ya mahitaji: mazungumzo yakiisha, nafasi hurudishwa katika akiba ya pamoja na kituo kingine huichukua. Bila mbinu hiyo mji mdogo wa Maluku usingeweza kulipia uwepo wake katika mtandao.

Jambo moja la kiufundi lina uzito wa kipekee kwa hoja ya makala haya. Mwaka 1976 hakuna aliyeipokea Palapa nyumbani kwake. Picha za televisheni zilishuka kwenye kituo cha ardhini, zikapelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo wa mji ule, ndipo zikawafikia watazamaji waliokuwa karibu. Kila kituo kilikuwa mlango, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa serikali.

Jina

Rais Suharto ndiye aliyeipa setilaiti jina. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale ya Java, Gajah Mada, waziri mkuu wa dola ya Majapahit katika karne ya 14, aliapa kwamba hataonja palapa mpaka visiwa vyote viwe chini ya mamlaka moja. Wataalamu hawakubaliani kama palapa ilikuwa kiungo cha chakula, tunda au starehe kwa jumla. Maana ya kisiasa haikuwa na utata: kiapo kilikuwa kimetimia, na kilichokitimiza kilikuwa angani.

Kwa Mjava jina hilo lilikuwa fahari. Kwa Msunda, ambaye mapokeo yake yanamkumbuka Gajah Mada kwa mauaji ya mfalme wa Wasunda pale Bubat, lilikuwa na ladha nyingine. Na tarehe 17 Julai 1976, siku tisa baada ya kurushwa kwa setilaiti, Suharto alitia saini sheria iliyoitangaza Timor ya Mashariki, iliyokuwa imevamiwa na majeshi yake mwezi Desemba uliotangulia, kuwa mkoa wa 27 wa Indonesia. Mfumo wa Palapa ulizinduliwa rasmi katikati ya Agosti, maadhimisho ya uhuru yakiwa mlangoni. Matukio hayo hayakusababishana, lakini yalikuwa ya serikali moja iliyokuwa na tafsiri moja ya umoja.

Kiindonesia: kilichotangulia na kilichofuata

Takwimu za sensa zinavutia hisia ya haraka. Mwaka 1971 takriban asilimia 41 ya Waindonesia walihesabiwa kuwa wanajua lugha ya taifa. Mwaka 1980 walikuwa kiasi cha asilimia 61, na mwaka 1990 walifika asilimia 83. Palapa ilianza kazi katikati ya muongo wa kwanza wa ongezeko hilo. Ni rahisi kuchora mstari kutoka setilaiti hadi sensa, na wanasiasa waliuchora.

Lakini yapo mambo mengine yaliyotokea katika miaka hiyohiyo. Agosti 1972 Indonesia na Malaysia zilipitisha tahajia ya pamoja. Februari 1975 ulifanyika mjini Jakarta mkutano wa kitaifa wa kupanga sera ya lugha, na mwaka huohuo asasi ya taifa ya lugha ilipangwa upya na kupewa jukumu la kukuza istilahi, kamusi na sarufi. Kubwa kuliko yote, kati ya 1973 na 1978 serikali ilitumia fedha za mafuta kujenga zaidi ya shule 61,000 za msingi. Hakuna mpango wa ujenzi wa shule uliokuwa na kasi hiyo katika nchi nyingi za wakati ule. Katika shule hizo Kiindonesia kilikuwa lugha ya kufundishia, ingawa lugha za mama ziliruhusiwa katika madarasa ya mwanzo. Mtoto aliyeingia darasani mwaka 1974 alikuwa mtu mzima sensa ya 1990 ilipofika. Ikiwa ni lazima kutafuta mama wa asilimia 83, yuko darasani, na setilaiti ni mkunga aliyekuja kusaidia.

Msaada huo hata hivyo ulikuwa wa kweli. Godwin Chu, Alfian na Wilbur Schramm walilinganisha vijiji vyenye televisheni na visivyo nayo, kwanza mwaka 1976 kabla ya mawimbi ya Palapa kufika na tena mwaka 1982. Kazi yao, iliyochapishwa mwaka 1991, ni mojawapo ya tafiti chache duniani zilizopata bahati ya kupima kijiji kabla na baada. Miongoni mwa mambo waliyoyaeleza ni namna televisheni ilivyowasaidia wanakijiji kuzoea lugha ya taifa. Serikali iligawa seti za televisheni vijijini, zikawekwa mahali pa wazi, mara nyingi nyumbani kwa kiongozi wa kijiji au katika ukumbi wake, na zilipokosa umeme ziliendeshwa kwa betri. Watu wazima ambao shule ziliwapita walikisikia kila jioni Kiindonesia sanifu cha watangazaji wa TVRI, shirika la televisheni la taifa.

Kuna takwimu nyingine ya mwaka 1980 inayosahaulika. Wakati asilimia 61 walijua Kiindonesia, ni takriban asilimia 12 tu waliokitumia kama lugha ya kila siku nyumbani. Wajava waliendelea kusema Kijava, Wasunda Kisunda, Wabali Kibali. Lugha ya taifa ilienea kama lugha ya pili, ya shule, ofisi, soko la mjini na kioo cha televisheni, bila ya kuzing'oa lugha za mama kwa kasi iliyokuwa ikihofiwa. Kwa wanaoshughulikia sera ya Kiswahili nchini Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambako hofu ya kumezwa kwa lugha za wenyeji husikika kila mjadala unapoanza, pengo kati ya 61 na 12 linastahili kuangaliwa zaidi kuliko ongezeko lenyewe. Pengo hilo limeendelea kupungua tangu wakati huo, hasa mijini, na wazazi wa tabaka la kati ndio waliolipunguza kwa hiari yao.

Sauti ya upande mmoja

TVRI ilianzishwa mwaka 1962 kwa ajili ya Michezo ya Asia iliyofanyika Jakarta. Kabla ya Palapa ilikuwa na vituo katika miji kama Yogyakarta, Medan na Ujung Pandang, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kupokea matangazo ya Jakarta papo hapo, vituo hivyo vililazimika kujitengenezea sehemu kubwa ya vipindi vyao. Setilaiti iliondoa ulazima huo. Baada ya 1976 vituo vya mikoa vilikuwa warushaji wa matangazo ya Jakarta, vikibakiwa na saa chache za vipindi vyao. Kwa ubora wa picha ilikuwa hatua mbele. Kwa mtunzi wa tamthilia wa Makassar au mwimbaji wa Medan, mlango ulikuwa umefungwa na mashine iliyosifiwa kwa kufungua milango.

Hilo halikulazimishwa na teknolojia. Transponda hupokea kutoka kituo chochote chenye uwezo wa kurusha, na simu za Palapa zilikwenda pande zote. Ni televisheni peke yake iliyopangwa iwe na kinywa kimoja na masikio mengi. Uamuzi ulikuwa wa kisiasa, na uchaguzi mkuu wa 1977 ulikuwa karibu.

Serikali ilikuja kuogopa kazi ya mikono yake. Matangazo ya biashara yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakazi wa Jakarta yalikuwa yanawafikia wakulima ambao hawakuwa na uwezo wa kununua vilivyotangazwa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1981 matangazo ya biashara yalipigwa marufuku TVRI, kwa hoja kwamba yanachochea tamaa na wivu wa kijamii vijijini. Ni nadra serikali ya aina ile kukiri kwamba njia moja ya kusemea haiwafai wasikilizaji wa aina zote. Matokeo yake ni kwamba TVRI ilipoteza mapato na kuzidi kuitegemea hazina ya serikali, na kwa hiyo kuzidi kuwa msemaji wake.

Mwaka 1986 sera ya anga wazi iliruhusu watu binafsi kuwa na madishi ya kupokelea. Sasa familia iliyokuwa na fedha iliweza kuipita milango 40 ya serikali na kutazama pia matangazo ya nchi jirani. Televisheni ya kwanza ya binafsi, RCTI, ilianza mwaka 1989 ikiwa na wamiliki wa karibu na familia ya rais, na kinywa kikaongezeka bila kuhama Jakarta. Ilibidi Suharto aondoke madarakani mwaka 1998, na Sheria Namba 32 ya utangazaji ipitishwe mwaka 2002, ndipo vituo vya mikoa na matangazo ya lugha za wenyeji yakapata msingi wa kisheria. Kituo cha JTV cha Surabaya kilijipatia watazamaji wengi kwa taarifa ya habari iliyosomwa kwa Kijava cha mitaani cha mji ule, na baadhi ya Wajava wenye staha wakakasirika.

Timor ya Mashariki ilipiga kura ya kujitenga tarehe 30 Agosti 1999. Katiba yake ya mwaka 2002 ilifanya Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi. Kiindonesia, kilichoingia pamoja na majeshi, shule na televisheni, kilibakizwa humo kama lugha ya kazi pamoja na Kiingereza. Hiyo ni hadhi ya chini kwa lugha ambayo kizazi kizima kilisomeshwa kwayo.

Bogotá, Desemba 1976

Kuna sehemu ya historia hii inayozigusa moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki na Kati. Miezi mitano baada ya Palapa kurushwa, wajumbe wa nchi zilizo kwenye ikweta walikutana Bogotá, nchini Kolombia. Tarehe 3 Desemba 1976 walitoa tamko kwamba sehemu ya mzingo wa kilomita 35,786 iliyo juu ya nchi zao ni maliasili yao. Pamoja na Kolombia, Ekuador na Indonesia, walikuwapo Kenya, Uganda, Zaire na Kongo. Hoja yao ilikuwa kwamba mzingo huo ni mmoja tu, nafasi zake zina kikomo, na mataifa tajiri yalikuwa yanazikalia kwa kanuni ya anayewahi.

Tamko halikukubaliwa. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga hizo. Tena mkao wa Palapa yenyewe ulikuwa unaipinga hoja: A1 ilisimama kwenye longitudo ya nyuzi 83 mashariki na A2 kwenye nyuzi 77, juu ya Bahari ya Hindi, magharibi kabisa ya ncha ya Sumatra. Indonesia ilitumia anga ambayo kwa mantiki ya Bogotá haikuwa yake. Vivyo hivyo Nigeria, isiyoguswa na ikweta, iliporusha NigComSat-1 mwaka 2007 iliiweka kwenye nyuzi 42.5 mashariki, karibu na longitudo ya Kismayo. Chombo hicho kilipotea Novemba 2008 kwa hitilafu ya umeme wa mabawa ya jua, na NigComSat-1R ikachukua nafasi yake Desemba 2011.

Shinikizo la nchi za ikweta na wenzao wa nchi zinazoendelea halikupotea bure. Katika mikutano ya Geneva ya mwaka 1985 na 1988, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikubali mpango unaoitengea kila nchi mwanachama angalau nafasi moja katika mzingo, pamoja na masafa ya kuihudumia nchi hiyo. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika mpango huo. Tatizo ni kwamba kila mgao umechorwa kwa kufuata mipaka ya nchi moja, wakati lugha inayozungumzwa kutoka Lamu hadi Kisangani haifuati mipaka hiyo. Mfumo wa kikanda hauwezi kujengwa kwa mgao wa nchi moja bila mashauriano mapya na majirani, na mashauriano hayo huchukua miaka. Mwaka 1977, wakati Palapa A2 inaingia mzingoni, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa inavunjika na shirika lake la pamoja la posta na simu likigawanywa vipande vitatu.

Baada ya A1

Kizazi cha pili kilipata msukosuko. Palapa B2 iliachiliwa kutoka chombo cha Challenger Februari 1984, lakini mota ya kuipandisha haikufanya kazi ipasavyo na ikabaki katika mzingo wa chini usio na faida. Bima ililipa. Novemba mwaka huohuo wanaanga wa Discovery, Joseph Allen na Dale Gardner, walitoka nje, wakaikamata na kuirudisha duniani pamoja na Westar 6. Ilitengenezwa upya na kurushwa tena Aprili 1990. Kwa washauri wa sera kisa hicho kina maana ya kihasibu: Indonesia haikusimama, kwa kuwa ilikuwa na bima, ilikuwa na chombo kingine angani, na vituo vyake vya ardhini vilikuwa na mafundi wake wenyewe. Ufilipino, Thailand na Malaysia zilikuwa zimekwisha kukodi nafasi katika mfumo huo, na kodi yao iliendelea kuingia.

Oktoba 2019 Rais Joko Widodo alizindua mkongo wa nyuzi uliounganisha mikoa ya nchi hiyo kwa kupita chini ya bahari na nchi kavu. Uliitwa Palapa Ring. Mahali ambapo mkongo haukufika, serikali ilirusha SATRIA-1 Juni 2023, yenye uwezo wa gigabiti 150 kwa sekunde, kwa ajili ya shule, zahanati na ofisi za vijiji. Safari hii kila kituo kinapokea na kurusha.